Wifi Yangu Anafuga Ukungu

Wako wanaofuga kuku, wako wanaofuga mbuzi, na mtaani kwetu yuko bwana mmoja anayefuga njiwa wasio na faida yoyote, tena anawasifu mbele za watu kama wanawe wa kuwazaa. Wifi yangu anafuga ukungu. Ndiyo, ukungu, ule ule unaoukuta kwenye mkate wa juzi ukautupa kwa kinyaa. Wake ni wa kijani. Unaota juu ya mchele uliochemshwa nusu, ndani ya mifuko ya plastiki iliyozibwa mdomo kwa pamba, na mifuko yenyewe ameipanga chini ya kitanda, mahali ambapo wanawake wengine huweka sanduku la nguo zao nzuri. Mtu akiniuliza kwa dharau kama ni kweli, namjibu ni kweli, na kama anaona kichefuchefu aende akatapike kwao.

Sina unafiki wa kukaa katikati. Niko upande wake. Aliolewa na kaka yangu wa pili. Kaka akafariki, yeye akabaki na binti mmoja, chumba kimoja katika nyumba ya mama yetu, na shamba la bondeni. Wajane wengi hupewa pole huku vyombo vyao vikihesabiwa. Huyu hakuhesabiwa. Matanga hayajaisha vizuri, kaka yetu mkubwa akaanza kuulizia baiskeli ya marehemu. Wifi akamjibu, "Shemeji, baiskeli ipo. Naipanda mimi." Na akaipanda kweli. Mpaka leo anaipanda kwenda kazini, sketi ameikunja fundo ubavuni, na mwenye kucheka anacheka mpaka achoke.

Kazi yake ni tanuri la mikate, nyuma ya barabara ninayosukia. Ni chumba kirefu chenye dirisha moja, kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi, na katikati pana meza ya mbao iliyobonyea kwa miaka ya kukandiwa unga. Yeye ndiye anayekanda. Mikono yake ina nguvu kuliko ya seremala, na ukimsalimia vibaya utaugulia vidole. Siku zote husema kwamba siri ya mkate haiko kwenye unga, iko kwenye hamira. "Hamira ni kitu hai," anasema. "Ukiipa maji ya moto inakufa. Ukiipa baridi inalala. Ukiibembeleza, inakufanyia kazi wewe umekaa." Maneno hayo nimeyasikia mpaka masikio yamejaa. Kazi ikiisha huja kwenye chumba changu cha ususi, unga bado uko kwenye nyusi, anakaa kwenye benchi la wateja na kunipa habari zote, zinazonihusu na zisizonihusu.

Habari iliyomkaba roho ilikuwa ya shamba la bondeni. Maharage yalikuwa yakiota vizuri, majani mawili mawili, unasema msimu huu tumepona. Halafu shingo ya mche, pale inapogusana na udongo, inaanza kugeuka rangi ya chai. Inasinyaa. Asubuhi moja unakuta mche umelala chali, na mwenzake, na mwenzake. Ukiung'oa, mzizi unatoka kahawia, unateleza, hauna hata unywele mmoja. Alijaribu unga wa dawa wa dukani, ule wa rangi ya waridi. Ukamwasha mikono, ukasaidia siku chache, mvua ilipokolea ugonjwa ukarudi kama mwenye nyumba. Majirani wakaanza kusema udongo umekufa. Walisema kwa sauti ya huruma, na huruma ile ilimuudhi kuliko matusi.

Bibi shamba wetu, mwanamke mrefu wa buti za mpira, hununua mkate kwenye dirisha la tanuri kila asubuhi. Siku moja wifi akampa mkate kwa mkono wa kulia na mche uliooza kwa mkono wa kushoto.

"Na huu je?" bibi shamba akauliza.

"Huo ndio ninaokula mimi nyumbani. Niambie unaitwaje."

Bibi shamba akaukata mzizi kwa kucha, akaunusa. Akamweleza kwamba ndani ya udongo kuna kuvu wabaya wanaoozesha mizizi, na kuna kuvu wengine wazuri, wa kijani, ambao ukiwapaka kwenye mbegu kabla ya kupanda, wanaamka pamoja na mbegu, wanauzingira mzizi ukiwa bado mchanga, na kuwala wale wabaya.

"Wako hai?" wifi akauliza.

"Wako hai. Ndiyo maana usiwachanganye na ile dawa ya waridi, itawaua wao kwanza."

"Kama hamira."

"Hamira ni ndugu yao wa mbali," bibi shamba akasema, na wifi akamwongezea mkate wa bure.

Basi ndivyo ufugaji ulivyoanza. Bibi shamba alimpa kianzio kidogo kwenye chupa na kumfundisha namna ya kukilisha mchele. Mifuko ya mwanzo ilioza ikawa myeusi na kutoa harufu iliyomfukuza hata paka, kwa sababu mchele ulikuwa na maji mengi. Akamwaga, akachemsha mwingine. Nao ukaharibika. Akachemsha tena, mpaka ukaota kijani. Mtaani wakambatiza Mama Ukungu, wakadhani watamkera. Siku ya pili tu nilimsikia akiitikia.

Kaka mkubwa naye hakuwa amelala. Udongo wa bondeni ni mfinyanzi mzuri, unashika, na mfyatua matofali mmoja alikuwa ameutolea macho siku nyingi. Kaka akamleta nyumbani, eti amekuja kusalimia. Tukakaa barazani: mama kwenye kiti chake, kaka mbele, mfyatua matofali pembeni na kofia magotini, mimi na wifi kwenye mkeka.

"Shemeji, tusidanganyane," kaka akaanza. "Udongo ule umekufa. Huyu bwana yuko tayari kuuchimba, na kila mtu atapata chake."

"Aliyekufa huzikwa, shemeji," wifi akasema. "Hafyatuliwi matofali."

Nilicheka mpaka mfyatua matofali naye akacheka, kisha akakumbuka amekuja na nani.

"Wewe unacheka nini?" kaka akanigeukia.

"Nacheka kwa sababu meno ninayo."

"Shamba lile ni la ukoo," akasema, akimtazama mama.

"Leo limekuwa la ukoo," wifi akajibu. "Wakati wa kulima lilikuwa la nani? Mbona sijawahi kuliona jembe la ukoo? Na huo udongo ukishaondoka haurudi. Binti yangu atarithi shimo. Atapanda nini kwenye shimo, shemeji? Vyura?"

Mama akainua mkono. Mama yetu hapendi kelele, na akiinua mkono hata mbwa wa jirani hunyamaza. Akasema tupewe msimu huu mmoja. Maharage yakisimama, shamba ni la mkwe wake, na neno tofali lisitamkwe tena mbele yake. Yakioza, wachimbe.

"Nimekubali," wifi akasema. Nilimfinya paja kumzuia, akautoa mkono wangu. Niliogopa sana siku ile, sifichi. Mtu hawezi kuliweka shamba la mwanawe juu ya mchele ulioota ukungu halafu wewe wifi yake ukalala usingizi.

Mbegu zilikuwa za mama. Nyumba nzima inajua kwamba mbegu ni za mama: yeye huzichagua, huzianika, huzihifadhi na majivu ndani ya debe, na wanawake wa mitaa mitatu huja kumwomba. Wifi akaziosha majivu yakatoka. Akapika uji mwembamba wa unga, akauacha upoe kabisa, akaunyunyizia mbegu ili zinate. Kisha akapukutisha ukungu wa kijani juu yake na kuzigeuza ndani ya beseni kwa mikono miwili, taratibu, maganda yasipasuke. Mbegu zikavaa kijani. Akazitandaza juu ya magunia chumbani kwake, akafunga pazia, akamwambia mama, "Mama, hizi zikauke kivulini. Zisione jua." Mama akasema sawa.

Lakini mama alikuwa amesema sawa kwa mdomo tu. Mikono yake ilikuwa na mazoea yake. Wifi aliitwa tanurini kwa dharura, mwenzake ameungua mkono. Mchana jua likatoka, jua kali baada ya siku za mawingu, na mama akapita mlangoni akasikia harufu ya unyevu. Mbegu mbichi, chumba cha giza. Kwa mama hilo lina maana moja tu: zinaoza. Akadhani mkwe wake kapitiwa. Akayaburuta magunia mpaka uani, akazisambaza vizuri, akavuta kiti na kukaa na fimbo akifukuza kuku. Alizilinda kwa uaminifu mpaka zikawa zinalia kama kokoto.

Wifi alipofika aliiachia baiskeli ikaanguka yenyewe.

"Nani kazitoa nje?"

"Mimi, mwanangu," mama akasema kwa furaha. "Ulizisahau ndani. Tazama zilivyokauka."

Wifi akaokota mbegu moja. Ule ukijani ulikuwa umepauka, umekuwa vumbi. Akaizungusha kwenye kiganja, akasema neno ambalo asingelisema siku nyingine. "Umeniulia, mama."

Mama akasimama. "Jua haliui mbegu! Nimeanika mbegu wewe hujazaliwa!"

"Mbegu haijafa. Kilichokufa ni kile nilichokipaka juu yake."

"Kama kinakufa kwa jua, shambani kitaishije? Huko shambani hakuna jua?"

"Shambani kinakaa chini, mama, mzizini."

Mama hakutaka kusikia. Nami niliyekuwa nimetoka kazini na chanuo bado mkononi nikataka kuingilia, nimpe mama vidonge vyake, lakini wifi akanikata jicho, nikalichomeka chanuo nyweleni. Alikuwa amebakiwa na mfuko mmoja tu wa ukungu. Kulea mwingine kungechukua zaidi ya wiki, na mvua zilikuwa zimeshagonga mabati. Mfuko ule ulitosha kupaka nusu ya mbegu. Nusu nyingine mama aliifunga kwenye kanga yake, akasema hizo atazipanda yeye kwa mkono wake, tuone nani mwongo. Wifi hakubisha. Kuacha nusu ya shamba wazi ni kumpa kaka ushindi bure, na mama ni mama.

Walipokwenda kupanda, mama alichukua upande wa juu, ule ulioinuka. Upande wa chini maji hutuama, na ndiko maharage yalikuwa yakioza kwanza kila msimu. Nikamwambia wifi agawe vizuri, kila mtu apate juu na chini.

"Wacha," akasema. "Niende huko huko kunakooza. Nikishinda juu watasema ni mwinuko."

Nilimwona mwendawazimu, na nilimpenda kwa wendawazimu ule.

Maharage yakaota pande zote. Ya mama yakatangulia, tena kwa maringo, na mama akawa anapita mtaani anatembea kama bibi harusi. Akapita saluni kwangu makusudi, akaniambia mbele ya wateja, "Nenda ukaone shamba." Nikaenda. Yalikuwa yamependeza kweli.

Kisha mvua zikakolea, na shingo za miche ya mama zikaanza kugeuka rangi ya chai. Siku ile mama aliinama akaishika mmoja mmoja. Kesho yake akaenda tena, peke yake, akarudi na matope magotini. Mstari baada ya mstari ulilala. Alianza kuukataa mkate ambao wifi alimletea kutoka tanurini, akisema tumbo limejaa, na kila mtu alijua limejaa nini. Upande wa wifi nao haukuwa wa muujiza, nisitie chumvi: mche mmoja mmoja ulianguka hapa na pale. Lakini iliyobaki ilisimama ndani ya maji yale, majani meusi kwa afya, na ukiung'oa mmoja unakuta mzizi mweupe wenye ndevu tele. Wifi hakuringa. Alirudi chumbani akachemsha mchele mwingine.

Siku ya mapumziko ya tanuri nilikuwa namsuka mteja, nimefika katikati ya kichwa, binti wa wifi akaingia anahema. "Shangazi, baba mkubwa yuko shambani na vigingi!"

Nikaacha kichwa pale pale. Mteja akaona akibaki atakosa uhondo, akanifuata, upande mmoja umesukwa, upande wa pili nywele zimesimama wima, tukashuka bondeni hivyo hivyo na watu wakitushangaa.

Tukamkuta kaka amesimama upande wa mama, katikati ya miche iliyokufa. Mfyatua matofali alikuwa na kamba na mzigo wa vigingi, anataka kuweka alama mapema, mvua zikikatika aanze kuchimba. Kigingi cha kwanza kilikuwa kimeshapigwa. Wifi alikuwa mbele yao, beseni kichwani limefunikwa kwa kitambaa kibichi.

"Mwenye macho haambiwi tazama," kaka alikuwa akisema. "Yameoza."

"Basi tazama na huku," wifi akamwonyesha upande wa chini. "Au macho yako yanageuka upande mmoja tu?"

"Mama alisema yakioza tuchimbe. Hakusema yakioza yote."

Hapo alitushika, na alijua ametushika. Ndipo tukamwona mama anashuka na fimbo yake, polepole kwa utelezi. Majirani walishaanza kujikusanya kando ya njia, wakiwemo wale wanaokuja kwake kuomba mbegu.

"Mama, waambie mwenyewe," kaka akasema. "Si ulisema yakioza tuchimbe?"

Mama akatazama kigingi. Akawatazama wale wanawake. Angenyamaza tu, shamba lingekwenda, na jina lake la mbegu lingebaki limesimama vile vile. Nilikuwa namjua mama yangu: hajawahi kukosea tangu nizaliwe.

"Mficha uchi hazai," akasema, kwa sauti ya kufika njiani. "Mbegu za upande huu niliziharibu mimi. Niliambiwa kivulini, nikaanika juani kwa ujuaji wangu. Udongo huu na ule ni mmoja. Kama umekufa, kule kwa mkwe wangu umezaaje?"

"Mama, wewe unamtetea tu. Uzee huu..."

"Uzee huu ndio unaokwambia ng'oa kigingi hicho!"

Kaka hakuinama. Wifi akatua beseni, akakishika kigingi kwa mikono ile ya kukandia unga, akakizungusha mara moja, kikatoka. Akamkabidhi mfyatua matofali. "Kachemshie chai," akamwambia. Yule bwana akaanza kukunja kamba yake, na sijui kwa nini, akamwambia asante.

Kaka akakunja mikono kifuani, akabaki pale pale, kana kwamba akisimama sana shamba litabadili mawazo. Wifi hakumngoja. Akafunua kitambaa. Ndani ya beseni mbegu zilikuwa za kijani, mbichi, zimepakwa alfajiri ile. Mvua bado zilikuwepo, na maharage hukomaa upesi hata yakichelewa kupandwa. Akapiga magoti kwenye mstari wa kwanza, katikati ya mabua yaliyooza. Mama akasogea mbele yake bila kuitwa, akawa anatoboa udongo kwa ncha ya fimbo. Mama anatoboa, wifi anadondosha, anafukia. Mteja wangu alikuwa amenishika mkono kwa nguvu.

Wakaja na mstari huo mpaka fimbo ya mama ikasimama kwenye ncha ya kiatu cha kaka.

Hakusogea.

"Shemeji," wifi akasema bila kuinua kichwa, mbegu ziko kiganjani. "Mguu."

Kaka akamtazama mama. Mama alikuwa anautazama mguu.

Akauondoa. Mama akatoboa pale pale kwenye alama ya kiatu, wifi akadondosha mbegu, akafukia.